Kabla ya makalio

Taja jina la Stella Nyanzi mbele ya wahadhiri, uone: mazungumzo yataanzia kwenye makalio. Ni kweli, mwishoni mwa Januari 2017 mtafiti huyo wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, alimwita Rais Museveni makalio mawili kwenye Facebook. Hata mimi nilikunja uso. Ila siku zilezile rais alikuwa ametamka jukwaani kwamba yeye si mtumishi wa mtu, na sijasikia kamati ya nidhamu iliyomwita.

Mwezi uliofuata likaja la pedi. Kwenye kampeni rais aliahidi kuwapa wasichana wa shule pedi za bure. Februari waziri wa elimu, mkewe Janet Museveni, akaliambia Bunge fedha hakuna. Nyanzi akaanza kuchangisha mwenyewe. Aprili akakamatwa kwa andiko lile la makalio, akalala gereza la Luzira siku 33, na kinachonikereketa hadi leo ni kwamba upande wa mashtaka uliomba apimwe akili kwa sheria ya mwaka 1938. Sheria ya mkoloni ikafufuliwa kuuliza kama mwanamke mwenye shahada ya uzamivu ana akili timamu, kisa neno ambalo kila mtoto wa mtaani analijua! Ahadi ya pedi haikupelekwa kwa daktari.

Wanaotetea staha wana hoja, na si wote ni machawa. Aprili 2016, alipofungiwa ofisi katika mvutano na mkurugenzi wa taasisi yake, Profesa Mahmood Mamdani, kuhusu kufundisha wanafunzi wa uzamivu, Nyanzi alivua nguo. Mgogoro wa mkataba wa kazi una njia zake. Anayevua nguo anamwachia mwenzake jibu gani? Na shairi la 2018 lililomgusa mama wa rais, marehemu, siwezi kulitetea. Tusi la mama ni tusi la mama.

Lakini Mamdani angeweza kujibiwa kwa kalamu, naye akajibu kwa kalamu. Rais ana polisi. Mbele ya mwenye polisi, adabu hugeuka kuwa namna ya kufunga mjadala, na Waganda wanalijua hilo tangu zamani. Mwaka 1948 Semakula Mulumba, mwanaharakati wa Buganda aliyepinga ukoloni na kudai ardhi ya watu wake, akiwa London, alialikwa chakula cha jioni na askofu wa Kianglikana wa Uganda. Akakataa kwa barua ndefu yenye matusi, kisha akaisambaza. Ukishakula mezani kwa mtu, utamdai ardhi kwa sauti gani?

Kwa shairi lile Nyanzi alihukumiwa miezi 18, Agosti 2019. Mahakama Kuu iliifuta hukumu Februari 2020, akiwa ameshakaa ndani zaidi ya mwaka. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikabatilisha kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kimojawapo cha vile alivyoshtakiwa navyo mwaka 2017, kwa kuwa maneno ya kifungu hicho hayana mipaka.