Ami na Kofia ya Vito Kule Bellinzona

Ami yangu aliuza vinyago Malindi tangu ujana mpaka magoti yalipougomea mchanga wa pwani, na wateja wake karibu wote walikuwa Wataliano. Anayeijua Malindi hahitaji kuelezwa. Pale hata mtoto wa kuuza karanga hukupa bei kwa Kitaliano kwanza, Kiswahili baadaye. Kitaliano cha Ami ni hodari, ila kinajua jambo moja tu, nalo ni bei. Hawezi kumwambia daktari wapi panapomuuma, lakini atakupandisha na kukushusha mpaka utoe pochi mwenyewe, tena ushukuru. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotufikisha tulikofika.

Binti yake ameolewa Zürich, Uswisi, nami nilipewa kazi ya kumsindikiza Ami kwenda kumtazama. Siku za mwanzo zilikuwa za furaha. Kisha Ami akaanza kulalamika: baridi, chai isiyo na tangawizi, na watu wanaokaa bega kwa bega kwenye tramu bila hata kujuliana hali. Binti mtu alivumilia, akachoka, akatukatia tiketi za treni.

"Baba, nendeni Bellinzona mkatembee. Iko upande wa pili wa milima, kuna jua, watu wasema Kitaliano, na kuna ngome tatu za zamani."

"Ngome ninayo kwetu," Ami akasema. "Tena ile ina bahari."

Lakini neno Kitaliano lilishamwingia. Asubuhi akavaa kanzu, juu yake sweta la mkwe lililomfika magotini, na kichwani kofia yake ya vito. Hiyo kofia naomba tusimame nayo kidogo. Aliishona Mamkubwa, mkewe, kwa mkono wake, tundu moja baada ya jingine, miezi na miezi, akiwa barazani na miwani imeshuka puani. Kofia ya namna hiyo ukiiulizia bei Lamu utaambiwa ukae kwanza.

Treni ikaingia handaki la Gotthard, lile la kilomita 57 lililofunguliwa 2016, refu kuliko handaki lolote la reli duniani. Ami hakuwa ameambiwa. Giza lilipotanda akasoma Ayatul Kursi, akamaliza. Akangoja. Akaanza Yasin. Dakika zapita, dirishani hamna kitu ila sura zetu wenyewe.

"Mwanangu, hii treni yatupeleka wapi?"

"Bellinzona, Ami."

"Kwa chini?"

Tulipotokea upande wa pili jua lilikuwa limewaka, na kipaza sauti kikaanza kusema Kitaliano. Ami akakaa vizuri, akarekebisha kofia. Mzee aliyekuwa akinyweshwa chai kwa kubembelezwa huko Zürich alishuka stesheni akimpungia askari mkono, "Ciao, amico!", na askari akajibu. Kuanzia hapo mimi nilikuwa mzigo wake.

Mji wenyewe umekaa mahali pa ajabu. Ni bonde jembamba, milima huku na huku, na anayeshuka kutoka njia za juu za Alpi upande ule kwenda Italia hana pa kupita ila hapo. Ndiyo maana watawala wa Milano, ukoo wa Visconti na baada yao Sforza, waliliziba bonde kwa kuta na ngome katika karne ya 15 ili watu wa milimani, yaani Waswisi, wasiteremke. Watu wa milimani waliuchukua mji mwanzoni mwa karne iliyofuata hata hivyo, na ndiyo sababu leo Kitaliano chasemwa ndani ya Uswisi. Nilimweleza Ami haya yote. Akaniuliza kama nimekuja kumsindikiza au kumsomesha.

Castelgrande, ngome kubwa, imekalia mwamba katikati ya mji. Kule Piazza del Sole mwamba wenyewe umepasuliwa, unaingia kwenye ufa wa zege, na huko ndani kuna lifti inayokufikisha juu. Ni kazi ya msanifu Aurelio Galfetti, aliyeikarabati ngome ile, na mimi niliipenda sana, kimya na ubaridi wake. Ami aliingia, mlango ukafunga, akapanda bila kusema neno. Tulipotoka juu akatoa hukumu: "Ngome yenye lifti ni hoteli."

Juu kuna minara miwili, Mnara Mweusi na Mnara Mweupe, na kwa macho yangu yote miwili ni ya kijivu. Ng'ambo ya mji waiona Montebello, na juu kabisa mlimani Sasso Corbaro, iliyojengwa mwaka 1479 kwa miezi sita tu kwa sababu Wamilano walikuwa wametoka kushindwa vita huko Giornico na hofu iliwajaa.

"Miezi sita?" Ami akaikodolea macho. "Kaka yako Kisauni ana mwaka wa saba na bado yuko kwenye linta. Hana hofu, ndiyo tatizo lake."

Nikamwambia pia ngome zote tatu ziko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. Akauliza Fort Jesus iliingia lini. Nikamwambia 2011. Akapiga hesabu, akasema miaka 11 si kitu, walitangulia kujaza fomu tu. Kisha akakumbuka la kusemea: ramani ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, na Cairati alikuwa mtu wa Milano! Ami akawaendea watalii waliokuwa wakila mikate yao, akaanza kuwafahamisha kwamba ngome hizi na ile ya kwao ni ndugu. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa Milano, Mombasa, stesso, yaani sawasawa, na buon prezzo, bei nzuri. Bibi mmoja akafungua mkoba.

Nilimvuta tukaenda zetu kwenye Murata, ule ukuta mrefu unaotoka ngomeni kuelekea mtoni. Unatembea juu yake, meno ya mawe huku na huku, na chini yako kuna mizabibu. Ulikuwa msimu wa kuvuna, watu wanakata zabibu na kuzitia makretini. Siku hiyo ulivuma favonio, upepo mkavu unaoporomoka kutoka milimani kaskazini, na huo hauna salamu. Ami alikuwa ameinua mkono kunionyesha jinsi Mreno angeupigia mzinga ukuta ule. Upepo ukampiga kanzu ikafura, sweta likamziba uso, na alipolitoa kofia ilikuwa inaondoka, ikipaa juu ya mizabibu taratibu kama kishada kilichokatika uzi.

Ilitua ndani ya kreti la zabibu.

Ami hakungoja. Alishuka ngazi zile kwa magoti yaleyale yaliyostaafishwa na mchanga. Mimi nilibaki juu na mikoba, kwa hiyo niliyaona yote kutoka jukwaani. Mzee mmoja wa makamo yake, mwenye fulana ya kazi, alikuwa ameshaiokota. Anaigeuza. Anaiinua juani atazame vile vitundu. Ami akafika anahema, akaitafuta lugha ya kusema hii ni yangu. Hakuipata, maana katika miaka yote ile hajawahi kudai kitu. Akasema anachosemaga mwenye kinyago mkononi: "Bello, eh? Fatto a mano." Kizuri, eh? Kazi ya mkono.

Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. "Quanto?" Kiasi gani?

Wallahi niliona mgongo wa Ami ukinyooka.

"Cinquanta!" Hamsini.

"Venti." Ishirini.

Ami akashika kifua. Akaonyesha mbingu. Akaondoka hatua tatu, akarudi. Yule mzee naye akaondoka hatua tatu, akarudi. Wavunaji wengine wakaweka mikasi chini. Mwishowe nikasikia "Trenta, ultimo prezzo, amico!", noti zikabadili mikono, wakapeana mkono, mzee akaivaa kofia. Ami akapanda ukutani mwendo wa kijana, uso umeng'ara.

"Thelathini! Faranga! Zaidi ya elfu nne za kwetu hizo. Nimemkamua!"

"Ami, kofia iko wapi?"

Alicheka. Akapeleka mkono kichwani. Akapapasa, mbele, nyuma. Akageuka polepole kutazama mizabibu, ambako kazi ya macho ya Mamkubwa ilikuwa inatembea baina ya mistari juu ya kichwa cha Mtaliano wa Uswisi.

Tulishuka pamoja. Ami akatoa zile faranga thelathini, akazirudisha kwa adabu, akanyoosha mkono apewe kofia. Yule mzee akazitazama, akanitazama mimi, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili safi cha ufukweni:

"Hapana, rafiki. Sitini. Bei ya mwisho."

Kumbe huenda Malindi kupumzika kila akipata nafasi. Kila mwenye kinyago pale amewahi kumshika mkono na kumwita rafiki, akaishia kubeba twiga wa mbao ndani ya ndege. Kwa masikio yangu nilimsikia akimweleza Ami kwamba kofia hii ni "kazi ya mkono, si mashine," kwamba "asubuhi bei nzuri lakini sasa mchana," na kwamba ana watoto wa kusomesha. Ami alikuwa anatokwa jasho. Alijaribu kuondoka hatua tatu. Hakuitwa.

Wakafikia arubaini na tano, na kwa kuwa mfukoni mlikuwa na arubaini tu, zilizobaki zililipwa kwa kazi. Ami akatakiwa abebe makreti mpaka mwisho wa mstari. Basi mtu aliyehiji Makka, kanzu imekunjwa kiunoni, akawa anabeba zabibu za Merlot chini ya ngome ya watawala wa Milano, huku akinong'ona kwamba zabibu zenyewe ni halali, yatakayofanywa nazo baadaye hayamhusu. Nikapiga picha. Ninayo.

Montebello tuliipita mbio. Sasso Corbaro Ami alisema ameshaiona.

Usiku Mamkubwa akapiga simu ya video. Ami alikuwa ameshakaa kwenye kochi, kofia kichwani, ameiinamisha upande. Mamkubwa hakuuliza ngome wala treni.

"Hilo doa la zambarau ni la nini?"

"Juisi, mke wangu."

"Juisi ya nini?"

"Ya zabibu," nikasaidia kutoka jikoni. "Ami alikuwa akiwasaidia watu mavuno."

"Mavuno ya kufanyia nini?"

Simu ikakatika.

"Mtandao wa Ulaya," Ami akasema, kidole bado kiko kwenye kitufe chekundu, "mbaya sana."