"Nimezima" ni neno moja lenye maana tatu: maneno ya usalama kwenye misumeno ya kiwandani

Kuna ubishi usioisha kati ya wanaotafsiri vitabu vya mashine na wanaosimama mbele ya hizo mashine, kwamba maneno ya usalama kwenye misumeno mikubwa yaandikwe kwa Kiswahili sanifu au yaachwe vile mafundi wanavyosema, gadi (bati linalofunika meno ya msumeno), breka, swichi, bledi (diski yenyewe yenye meno). Mimi nilikuwa upande wa sanifu kabisa, sa hivi naona kama tunagombania kitu sicho.

Watu wa sanifu wana hoja, mgeni akisoma "kinga" anaelewa bila kuuliza, "gadi" mpaka aelekezwe. Ila chukua hilo hilo neno. Kinga ni lile bati linalofunika meno, kinga ni miwani, kinga ni glavu. Sasa bandika tangazo juu ya msumeno wa duara, "usifanye kazi bila kinga", kijana mtiifu anavaa glavu, na glavu ndo kitu hutakiwi kuvaa karibu na diski inayozunguka maana jino likinasa kitambaa tu mkono unafuata. Katii tangazo vizuri tu na bado kajiweka pabaya. Gadi isingemchanganya.

Lakini na mafundi nao wasijisifu, kwao gadi ni gadi. Ile iliyofungwa kwa bolti, ambayo mpaka utafute spana, na ile yenye swichi ambayo ukiifungua mashine inakata moto, yaani umeme, yenyewe, zote jina moja. Na hiyo ya swichi kama haina kufuli la kuishikilia mpaka bledi isimame, unaweza kuifungua na moto ukakatika kweli huku bledi bado inazunguka.

Tatizo kubwa zaidi kwangu ni kuzima. Fundi akisema "nimezima" kamaanisha nini? Kabonyeza stopu ya kawaida, kapiga kile kitufe chekundu cha dharura chenye umbo la uyoga na duara la njano, au kashusha swichi kuu akaweka kufuli na ufunguo uko mfukoni? Kiwango cha IEC 60204-1, cha kimataifa kuhusu usalama wa umeme kwenye mashine, kinataja aina 3 za kusimama: 0 moto unakatwa hapo hapo, 1 mashine inapunguzwa mwendo kwanza ndo moto ukatwe, 2 inasimama ila moto unabaki. Kitufe cha dharura kinaruhusiwa kuwa 0 au 1 tu. Watu wengi hudhani 0 ndo inasimama haraka zaidi, kumbe bledi nzito isiyo na breka ukiikatia moto inaendelea kuserereka yenyewe, wakati 1 inatumia huo moto kuivuta isimame. Na hata kitufe chekundu sio ruhusa ya kuingiza mkono kusafisha, mwenzio akikizungusha kikarudi halafu akabonyeza kitufe cha kuwasha, kazi inaendelea na we uko ndani.

Tafsiri ya neno kwa neno nayo ina balaa lake. Lile bamba linalosimama nyuma ya diski, linalopanda na kushuka nayo, Kiingereza wanaliita kisu, basi na vitabu vyetu vinaandika kisu. Halikati chochote jamani! Kazi yake ni kuzuia ule mpasuo usijifunge ukaibana diski mbao ikarushwa kifuani kwa fundi. Mtu akisoma "kisu" anaweza kukitoa akijua ni cha kazi nyingine.

Kwa hiyo mi nachagua neno lenye kitu kimoja tu nyuma yake, likiwa gadi sawa, likiwa sanifu sawa. Tena kuna moja ningelifukuza kwenye chumba cha misumeno hata kama ni Kiswahili safi kabisa, nalo ni "kata!" Mtu kapiga kelele hivyo kutoka upande wa pili, mashine inanguruma, we mkono uko kwenye swichi na mbao iko mezani. Ukate mbao au ukate moto?