Seva ya pili isiyomjua mteja

Mafundi wengi wa mitandao hapa Lubumbashi wana jibu moja kwa huduma isiyotakiwa kukatika: nunua seva mbili, ziunge klasta (kundi linalofanya kazi kama seva moja), weka betri na jenereta, kila kitu kiandikwe kwenye hifadhidata, basi. Ukiwatajia huduma ya chekipointi, inayotunza nakala ya hali ya kazi iliyo njiani ili seva nyingine iendelee nayo, wanakwambia ni mzigo, inamzidishia kazi mwandishi wa programu na inakula mtandao. Hoja hiyo ina uzito. Ila inahesabu muda ambao seva imezima na kumsahau aliyekuwa akihudumiwa.

Mtazame mama muuza makala (mkaa) wa Katuba anayemtumia mwanawe aliyeko Likasi faranga 50,000 kwa simu. Amebonyeza namba ya huduma, amechagua kutuma, ameandika namba ya mtoto, kisha kiasi; sasa anaandika namba ya siri. Hadi athibitishe, hatua hizo mara nyingi hazimo kwenye daftari la hesabu bali kwenye memori ya seva inayomhudumia. Seva hiyo ikianguka hapo, ya pili inashika kazi baada ya sekunde chache, lakini haimjui. Mama naye hajui kama pesa imekwenda. Anaogopa kurudia isije ikatoka mara mbili, na anaogopa kungoja kwa sababu mtoto ana shida leo.

Chekipointi ipo kwa ajili ya dakika hiyo. Programu inaandika hali yake mahali penye jina linalojulikana klasta nzima, na huduma inatunza nakala kwenye memori ya nodi, yaani seva za klasta, zaidi ya moja. Kila mteja anaweza kuwa na sehemu yake: namba ya kikao (mazungumzo yake na seva tangu aanze hadi amalize), hatua aliyofikia, kiasi, namba ya mpokeaji. Seva ya akiba ikishika kazi inasoma sehemu hizo na kuendelea zilipoishia. Service Availability Forum, muungano wa makampuni ulioanzishwa mwaka 2001, uliandika vipimo vya utaratibu huu, na OpenSAF ikautekeleza kama programu huria.

Sasa ile asilimia inayopendwa kwenye zabuni: upatikanaji wa 99.999. Maana yake huduma isizime zaidi ya dakika 5 na sekunde 15 kwa mwaka, yaani sekunde 315. Tuseme klasta yako inahamisha kazi kwa sekunde 3 tu. Gawanya: 105. Seva inaweza kuanguka mara 105 kwa mwaka, mara mbili kila wiki, na ripoti ikaendelea kusema lengo limefikiwa. Tuseme tena kwamba kila inapoanguka kuna vikao 400 vilivyo wazi. Hivyo ni vikao 42,000 vilivyokatwa katikati, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye ile asilimia. Meneja anapongezwa huku mama wa Katuba akipanga foleni kwa wakala kuulizia pesa yake.

Wapinzani wana hoja moja ambayo katika mji wetu ni nzito kweli. Nakala hizo zinakaa memorini. Seva zote mbili zikiwa chumba kimoja, kwenye inverta moja, delestaji (mgao wa umeme) ikaja na jenereta ikagoma kuwaka, nakala zinapotea zote kwa pamoja. Diski haisahau hivyo. Tena chekipointi inanakili hata hali iliyoharibika, kwa hiyo kosa lililoangusha seva ya kwanza linaweza kuifuata ya pili. Na kwa tovuti ya shule inayobandika matokeo ya mitihani, haya yote ni gharama ya bure.

Lakini hakuna anayetaka daftari la pesa litolewe kwenye diski. Libaki hukohuko. Kinachobishaniwa ni ile hali ya njiani, inayobadilika kila mteja anapobonyeza kitufe, na kuiandika diskini kila mara ndiko kunakochosha hifadhidata saa za msongamano. Hata gharama ya mtandao inaweza kupangwa. Unaweza kuagiza kila uandishi usubiri nakala zote zisasishwe, jambo la salama lakini la polepole, au nakala hai, ile kuu, iandikwe kwanza na nyingine zifuate, kukibaki upenyo mdogo wa kupoteza. Uchaguzi huo unawekwa chekipointi inapoundwa. Kwa hiyo tengeneza mbili: ya kusubiri kwa hatua ya uthibitisho, ya haraka kwa hatua za menyu.

Kuna mahali padogo ambapo watu wanajikwaa, kisha wanailaumu huduma nzima: muda wa kuhifadhi. Chekipointi isiyofunguliwa na programu yoyote inafutwa muda huo ukiisha. Ukiuweka sekunde 10 wakati programu yako inahitaji 40 kuwaka upya, itakuta patupu.

Ningependa zabuni zetu zidai jaribio moja kabla ya malipo ya mwisho. Saa sita mchana, vikao vikiwa wazi, chomoa waya wa seva inayofanya kazi, kisha hesabu vikao vilivyoendelea hadi mwisho. Idadi hiyo iandikwe kwenye mkataba, kando ya ile asilimia.