Mama Pale Chini ya Mkwaju

Elfu arobaini na moja. Narudia ili muisikie vizuri: shilingi 41,000, kwa mkungu wa ndizi ambao saa hizi unamenywa nyumbani kwa mtu mwingine. Mezani kwangu kuna ugali wa mtama na nsansa, ile mboga ya majani makavu. Jana nsansa. Juzi nsansa.

Mimi ni mtumishi wa serikali mstaafu. Nimesaini vocha za watu wazima. Nilipostaafu, kikokotoo cha mafao kikafanya kazi yake, mambo hayo mnayajua, tusiyafufue. Mama Eli akasema, Baba Eli, badala ya kukaa hapa Machame tukiangalia mibuni inavyozeeka, twende tukamtumikie Bwana. Nikadhani anamaanisha kufagia kanisa. Kumbe alishajaza fomu. Ndivyo tulivyojikuta Meatu, huku Usukumani, mtaa mpya, kanisa la mabati lisilo na dari, na sisi tumebeba mablanketi na sweta zetu zote. Sweta, Meatu!

Wenyeji walikuwa wametangaziwa kwamba wanaletewa wamisionari, wakajipanga barabarani wakisubiri Mzungu na Land Cruiser. Wakashuka wazee wawili wa Kichaga kutoka kwenye bodaboda moja, mshikaki, begi limekumbatiwa kifuani. Kuna mtoto alilia. Wale Wajerumani wa Leipzig walipofika kwetu Machame mwaka 1893 walikuja na wapagazi na mizigo ya maana. Misheni imeshuka hadhi, tusidanganyane.

Shida ndogondogo naziacha. Maji ya chumvi, kwa hiyo chai inajitia chumvi yenyewe. Mtandao unashika ukipanda juu ya kichuguu na kuinua mkono, wapita njia wanadhani nimeokoka upya. Na watoto wetu walioko Dar wanapiga kuulizia "vile vidola vya misheni". Vidola! Sabuni ya kufulia najinunulia mwenyewe.

Sasa mnada, ule wa sadaka za vitu. Ibada imekwisha, tumetoka nje, wanaume upande huu, akina mama upande ule chini ya mkwaju, wamefungua miavuli huoni uso wa mtu. Mnadi ni mzee wa kanisa mmoja mwenye sauti ya kuchungia ng'ombe. Wakauzwa kuku, yakauzwa mayai, likauzwa debe la choroko. Mimi kimya, mikono nyuma, mtu na heshima zake. Mara ukainuliwa mkungu. Mwalimu mmoja wa sekondari, Mhaya, alikuwa ametoka likizo Bukoba akaja nao kwenye basi. Ndizi mbichi, vidole vinene, utomvu bado unashika kwenye mikono ya mnadi.

Ndugu zangu, tangu tufike huku sijaonja mtori, ile supu ya ndizi ya kwetu.

"Elfu tano," nikasema, kwa sauti ya mtu asiye na njaa.

"Elfu tano kwa mtumishi! Mama pale chini ya mkwaju anasema elfu saba!"

Nikatabasamu. Kumi. Mama akasema kumi na mbili. Kumi na tano. Kumi na nane. Nikamuuliza jirani yangu, huyu mama ni nani, ana mume kweli? Jirani akakohoa. Ishirini na tano. Thelathini! Vigelegele, kwaya imeanzisha pambio, mnadi anakimbia huku na huku mkungu uko kichwani, jasho linamtiririka, anapaza sauti kwamba shetani ameshindwa. Nikasema moyoni, wapo wanawake wasio na adabu, kushindana na mtumishi wa Mungu kwa ajili ya ndizi! Nikapiga arobaini.

"Arobaini na mia tano!" kutoka mkwajuni.

Mia tano. Duniani kuna mtu mmoja tu anayepandisha bei kwa mia tano, na nimefunga naye ndoa. Lakini kabla akili haijafika mdomoni, arobaini na moja ilikuwa imeshatoka. Mwavuli ukainama.

"Baba Eli! Kumbe ni wewe? Mie nilidhani ni yule bwana wa mashine ya kukoboa!"

Pensheni ni moja. Kadi ya benki ni moja. Mnadi alijua. Mtaa mzima ulijua.

Haya, basi, angalau mtori upo. Nikanyoosha mikono nipokee mzigo wangu. Mnadi akaurudisha nyuma taratibu. "Baba, desturi ya mtaa wetu, mtumishi akinunua humrudishia Bwana."

Desturi ipi? Imeanza lini? Nikawatazama wazee, wote wamekuwa wataalamu wa mawingu. Makofi yameshapigwa. Utasema nini? Nikasema amina. Ukanadiwa upya, watu wameshachoka na jua, akauchukua yule yule mwalimu wa Kihaya kwa elfu sita. Akanipita nao begani: "Bwana asifiwe, mzee." Asifiwe, ndiyo, sikatai, lakini mwalimu una roho ya namna gani? Usingekata hata chane moja? Chane moja tu, jamani! Mimi si malaika! Nina tumbo, nina meno, yamebaki machache lakini ninayo!

Mama Eli anasema nisipaze sauti, jirani atasikia. Jirani mwenyewe ndiye mwenye yule punda anayejikuna kwenye ukuta wa choo chetu. Ukuta wa udongo, punda mzima na madumu yake ya maji. Nikienda kulalamika nakaribishwa kigoda, na salamu ya Kisukuma si ya kusimama mlangoni. Ataulizia ukoo wangu, mvua za kwetu, ng'ombe ninao wangapi. Nikisema sina ng'ombe hata mmoja ananihurumia mpaka nasahau kilichonipeleka. Juzi ameniahidi ndama. Ndama, mimi, mwenye chumba na sebule. Mama Eli ameshampa jina.