Kofia Mbili za Jenerali Oriki

Machi 24, 2025 Japani ilizindua Kamandi ya Operesheni za Pamoja mjini Tokyo, ofisi ya kuongoza majeshi ya nchi kavu, majini na anga kwa pamoja, ikiwa na watu wapatao 240 chini ya Jenerali Kenichiro Nagumo wa jeshi la anga. Wapo waliokunja uso: ofisi nyingine tena, jenerali mwingine wa nyota nne, na amri itakayopita mikono mingi zaidi. Hoja ina uzito, ila nadhani inakosea mahali pa kuanzia. Inaona vyeo, suala lenyewe ni muda.

Turudi Machi 2011. Tetemeko, tsunami, kisha vinu vya nyuklia vya Fukushima, vyote kwa mpigo. Wanajeshi wapatao 100,000 waliingizwa kazini, na kule Sendai Luteni Jenerali Eiji Kimizuka akakabidhiwa kikosi cha pamoja cha nchi kavu, majini na anga. Juu yake alikuwapo Mnadhimu Mkuu, yaani afisa wa juu kabisa wa majeshi yote, Jenerali Ryoichi Oriki. Mtu huyo mmoja alitakiwa kumshauri waziri mkuu na waziri wa ulinzi, kuelewana na Wamarekani waliokuja kusaidia, na papo hapo kusimamia operesheni. Akiwa mezani kwa mwanasiasa anaeleza lipi linawezekana, nani anaamua helikopta iende wapi? Na akienda kuamua, mwanasiasa anamuuliza nani? Hata jenerali hawezi kukaa vyumba viwili. Ndiyo maana kamandi mpya inachukua operesheni na kumwachia Mnadhimu Mkuu ushauri.

Marekani ililipa kwa damu. Aprili 1980, katika jaribio la kuwaokoa Wamarekani walioshikwa mateka Tehran, Iran, helikopta zilikuwa za jeshi la majini, marubani wengi wa kikosi cha Marine, ndege za C-130 za jeshi la anga, makomando wa nchi kavu. Na hawakuwahi kufanya zoezi kamili wote pamoja. Zilitoka helikopta 8, na baada ya vumbi la jangwani na hitilafu zikabaki 5 zinazofaa; mpango ulihitaji 6, ukasitishwa. Wakati wa kuondoka moja ikaigonga C-130 iliyokuwa ardhini. Walikufa watu 8. Kamandi haizuii vumbi la jangwani, nakubali, lakini huwalazimisha watu kufanya mazoezi pamoja kabla ya kulikuta. Sheria ya Goldwater-Nichols, iliyowapa makamanda wa pamoja mamlaka ya wazi, ilipitishwa 1986.

Wakosoaji wana hoja nzito zaidi ya ile ya vyeo. Mshauri asiyeamrisha huanza kupata habari za vitani kwa kusimuliwa. Hofu hiyo nami ninayo. Tena ofisi za aina hii hazijui kupungua: leo Marekani ina kamandi 11 za pamoja.

Uingereza, yenye makao yake ya pamoja Northwood tangu 1996, ilimpa kamanda wake nyota tatu, hivyo hakuna anayeuliza nani mkubwa kati yake na mkuu wa majeshi. Nagumo amepewa nne, sawasawa na wakuu wa majeshi yale matatu ambayo askari wao ndio atakaowatumia.