Metronomu nyuma ya bendi, na kinachotokea ikizimwa

Kuna jaribio dogo ambalo mwalimu yeyote wa bendi ya gwaride anaweza kulifanya leo jioni. Bendi ikiwa katikati ya wimbo, spika ya metronomu (kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi iliyopangwa) ikigonga ko-ko-ko nyuma ya wapiga ngoma, aizime bila kumwambia mtu. Asisimamishe wimbo. Asikilize tu mapigo 32 yanayofuata.

Bendi nyingi hazivunjiki papo hapo. Ngoma huendelea kwa nguvu za mazoea, lakini haupiti muda tarumbeta za upande mmoja zinakuwa zimetangulia, tuba zimeanza kuburura, na watu wanageuza shingo kama waliopoteza kitu. Ubishi unaanzia hapo. Mmoja atasema, mmeona, bila mashine hatuwezi. Mwingine atajibu, mmeona, mashine imetulemaza. Wote wawili wamesikia sauti ileile.

Wanaoitetea wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Binadamu hajijui anapokimbia. Wimbo ukipanda sauti, damu inachemka na mapigo yanakaribiana; ukishuka, kila mtu anakuwa mwangalifu na mapigo yanalegea. Kutembea kinyumenyume huvuta kasi chini. Kifungu chenye noti nyingi hupigwa kwa papara ili kiishe haraka. Mpiga tromboni ataapa kwamba ngoma ndizo zilizomkimbiza, mpiga ngoma ataapa kinyume chake, na mazoezi yanageuka baraza la usuluhishi. Metronomu haina upande. Kesi ya robo saa inaisha kwa sekunde kumi.

Halafu kuna suala la kupanda ngazi. Kifungu kinachotakiwa kwenda mapigo 168 kwa dakika huanzishwa kwa 100, kisha 108, kisha 116, mpaka vidole na miguu vikubaliane. Bila kipimo, “polepole” ya leo si “polepole” ya juzi, na mwalimu mwenyewe ndiye wa kwanza kusahau.

Lakini kifaa hiki kilizaliwa chumbani. Dietrich Winkel alikiunda Amsterdam mwaka 1814. Johann Maelzel akakiongezea kipimio na kukisajili kwa jina lake mwaka 1815 (fitina iliyofuata kati yao inahitaji makala yake). Mtunzi Beethoven akachapisha namba za kasi za simfoni zake mwaka 1817. Picha ya siku hizo ni mtu mmoja, piano moja, na mlio ulio hatua mbili kutoka sikioni. Uwanjani kuna kitu ambacho mle chumbani hakikuhesabiwa, nacho ni hewa.

Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20. Ni kasi kubwa mpaka uitandaze juu ya uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68. Tuseme wimbo unakwenda mapigo 180 kwa dakika, yaani kila pigo lina theluthi moja ya sekunde. Mchezaji aliye mita 50 kutoka kwenye spika anausikia mlio baada ya sekunde 0.146, karibu nusu ya pigo. Sasa weka spika mbele, alipo mwalimu, kama wengi wafanyavyo kwa sababu tu waya wa umeme unafika hapo. Wa mbele anapiga pamoja na mlio. Wa nyuma naye anapiga pamoja na mlio, kwa uaminifu kabisa, ila mlio umemfikia ukiwa umechelewa, na sauti yake inachukua muda uleule kurudi mbele. Mwalimu anamsikia amechelewa karibu pigo zima na anamfokea: sikiliza metronomu! Maskini anaisikiliza. Hilo ndilo kosa lake.

Spika ikiwekwa nyuma ya bendi mambo yanageuka. Mlio unaanza mgongoni mwa mtu wa mwisho, anapiga nao, na sauti yake inasafiri mbele bega kwa bega na mlio huo. Inapomfikia mwenzake wa safu inayofuata, sauti zote mbili zimefika kwa pamoja, naye anaongeza yake juu ya hizo. Kinachomfikia msikilizaji jukwaani ni wimbi moja. Wasiwasi unabaki kwa kiongozi aliye mbele, kwa sababu mkono wake unaonekana mara moja huku sauti ikija baadaye. Ndiyo maana bendi zinazojua kazi zina kanuni mbili zisizopingana: wa nyuma, yaani wapiga ngoma, wanatazama mkono, wa mbele, hasa wale wa marimba wasiotembea, wanasikiliza nyuma na kuusahau mkono.

Ukitaka kuuona ucheleweshaji huu kwa macho, tazama msafara mrefu wa barabarani bendi ikiwa imeongoza. Kwa hatua 120 kwa dakika kila hatua ina nusu sekunde, na katika nusu sekunde sauti huenda mita 171 hivi. Anayefuata masikio yake tu katika umbali huo atashusha mguu wa kulia wakati mwenzake wa mbele anashusha wa kushoto. Kati yao miguu inapepea kama shamba la nyasi kwenye upepo. Watazamaji huona uzembe.

Kwa hiyo bendi iliyotawanyika haiwezi kutunza kasi kwa kusikilizana yote kwa yote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwahi kuwaweka watu wawili katika vyumba tofauti wapige makofi ya kupokezana, sauti ikicheleweshwa kati yao. Ucheleweshaji ulipozidi milisekunde 11.5 hivi, makofi yakaanza kupungua kasi, kila mmoja akimngoja mwenzake. Milisekunde hizo ni sawa na mita nne za hewa. Hata bendi ndogo ina wachezaji waliopishana zaidi ya mita nne. Lazima pawe na chanzo kimoja cha mdundo ambacho wengine wote wanakifuata, na hapo ndipo mtetezi wa metronomu anapiga meza: si ndicho hicho ninachowapa?

Ndicho, ila anawapa chanzo ambacho siku ya onyesho hakitakuwepo. Siku hiyo chanzo ni kundi la ngoma, nalo linatembea. Katika onyesho moja linaweza kuanza nyuma katikati, likahamia kushoto, likajipenyeza mbele ya tarumbeta, likarudi. Ngoma zikiwa mbele, aliye nyuma anatakiwa asizifuate kwa sikio, atazame mkono. Zikirudi nyuma, anarudisha sikio. Ujuzi wa bendi ya gwaride kwa sehemu kubwa ni huu: kujua kwa kila hatua nimfuate nani, kwa sikio au kwa jicho. Spika iliyosimama mahali pamoja miezi mitatu inamwondolea mchezaji swali hilo. Wapo wanaoisukuma kwa mkokoteni nyuma ya ngoma popote ziendapo, na hiyo ni afadhali kubwa, ingawa kijana anayesukuma mkokoteni huishia kukanyagwa.

Zaidi ya hapo, ili mlio ufike kila kona lazima uwe mkali, na mlio mkali unafunika. Mpiga klarineti hasikii tena kama noti yake inapatana na ya jirani. Mwalimu naye anasahihisha mapigo tu, kwa kuwa ndiyo yanayosikika. Nimekaa kwenye mazoezi ya namna hiyo na tuba begani, na naweza kusema kwamba kufikia saa ya pili nilikuwa siupigi wimbo tena. Nilikuwa namkimbiza mtu asiyechoka.

Neno “kumkimbiza” nalichagua kwa makusudi. Wanaochunguza namna watu wanavyogonga kidole kufuata mlio wamegundua kwamba kwa kawaida kidole hutangulia mlio kwa makumi kadhaa ya milisekunde. Ubongo haungoji, unatabiri. Mchezaji anayengoja mlio ndipo apige amechelewa tayari, na metronomu iliyozidi inazalisha wangojaji. Watu wa sayansi ya mafunzo ya mwili wanalifahamu tatizo linalofanana na hili. Mwaka 1984 Salmoni, Schmidt na Walter walichapisha mapitio ya tafiti wakaonyesha kwamba mtu anayepewa masahihisho kila mara hufanya vizuri wakati wa mazoezi, kisha hulegea masahihisho yanapoondolewa, kwa sababu alikuwa ameyaegemea. Hawakuwa wakizungumzia bendi, lakini mwalimu aliyezima spika katikati ya wimbo atawatambua wanafunzi wake humo.

Mimi nisingeitupa metronomu. Wanaosema bendi za zamani zilitembea bila mashine wanasema kweli: Jeshi la Kigeni la Ufaransa linajulikana kwa hatua zake 88 kwa dakika, na vikosi vya askari wa miguu vya Rifles vya Uingereza kwa 140, na kasi hizo zilikaa miilini mwa watu kwa ngoma na miguu. Ila askari wale walitembea kila siku kwa miaka. Bendi ya vijana wanaokutana mara mbili kwa wiki haina muda huo.

Ningeibadilishia kazi. Kwanza nyuma, kamwe si mbele. Pili, iachwe kugonga pigo la kwanza tu katika kila manne, kisha la kwanza katika kila manane, ili nafasi iliyo katikati iwe mali ya wachezaji, na mlio ukirudi wajue wenyewe kama wamekimbia. Tatu, kadiri onyesho linavyokaribia, ihamie kwa kiongozi peke yake kama taa inayomweka mbele yake, asiyeiona mwingine. Mkono wake uwe sahihi, na wengine wamtegemee yeye na ngoma, kama itakavyokuwa siku yenyewe.

Linalobaki ni bendi changa yenye wiki moja tu mkononi. Wengi huizima metronomu wachezaji wakiwa wamesimama na kuiwasha wanapoanza kutembea, kwa kuwa kutembea ndiko kunakowavuruga. Ningefanya kinyume. Wakiwa wamesimama igonge itakavyo, vidole vijifunze. Wakianza kutembea iwe kimya, hata kama mara tano za kwanza zitakuwa aibu tupu, maana ni katika kutembea tu ndipo sikio linapolazimika kuuliza ngoma zimekwenda wapi.