Takwimu za mwanzo: kanuni kwanza au data kwanza?

Wanafunzi wengi wa vyuo vyetu hukutana na kanuni za takwimu kabla hawajaona data yenyewe. Wanapewa namba kumi safi, wanatafuta wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani), wanafaulu. Ikifika zamu ya utafiti wao, hojaji zinarudi na mtu mwenye umri wa miaka 210 na majibu yaliyoachwa wazi, na hapo ndipo anapotafutwa mtu wa "kuwafanyia SPSS", ile programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu.

Wanaotaka mwanafunzi aanze na data halisi wana hoja nzito. Chukua utafiti wa mawe ya figo uliochapishwa Uingereza mwaka 1986. Upasuaji wa wazi ulifanikiwa kwa wagonjwa 273 kati ya 350, asilimia 78. Njia ya kupitia tundu dogo, 289 kati ya 350, asilimia 83. Tundu limeshinda? Watenganishe wagonjwa kwa ukubwa wa jiwe. Mawe madogo: upasuaji 81 kati ya 87 (asilimia 93), tundu 234 kati ya 270 (asilimia 87). Makubwa: 192 kati ya 263 (asilimia 73), na 55 kati ya 80 (asilimia 69). Upasuaji unaongoza kote kuwili! Ulionekana dhaifu kwa sababu ndio uliobeba wagonjwa wengi wenye mawe makubwa, ambao ni wagumu kutibu. Asiyejua lolote kuhusu figo asingefikiria kuwatenganisha hivyo.

Ila watetezi wa nadharia nao wasibezwe. Programu haikatai swali la kipuuzi; iombe wastani wa namba za simu, itakupa, tena na desimali. Na ukipima mahusiano 20 ambayo kwa kweli hayapo, kwa kiwango cha 0.05 (yaani kila kipimo kina nafasi ya asilimia 5 ya kudanganywa na bahati), tegemea kama moja hivi litokee kuwa "la maana" kwa bahati tu. Kosa hilo huwezi kuliona kwa kukodolea macho data. Linahitaji somo la uwezekano.

Kwangu mimi, data itangulie na uwezekano ubaki. Cha kupunguzwa ni kukokotoa kwa mkono kurasa kwa kurasa. Kikwazo ni mtihani: kusahihisha hesabu ya mkengeuko ni dakika moja, kusahihisha maelezo ya kwa nini mtafiti alitenganisha wagonjwa ni kazi ya jioni nzima, na wahadhiri wenye madarasa makubwa wanalijua hilo.